Brighton, Weymouth, Lyme au Sanditon: pwani ipi ya zama za Austen inakufaa?

Riwaya za Kiingereza za mwanzoni mwa karne ya 19 hazikawii kumfikisha msomaji baharini. Binti anapelekwa pwani apate nguvu. Kijana anaaga kwao kwa kisingizio cha kuoga. Mzee anaagizwa na tabibu atumie maji ya chumvi, ya kuogea na hata ya kunywa. Mara nyingi mji hutajwa kwa jina tu, bila maelezo, kwa sababu msomaji wa 1815 aliufahamu: Brighton ilimjia na picha moja kichwani, Lyme ikamjia na nyingine kabisa. Sisi tunaozisoma leo tukiwa Dodoma, Nairobi au Muscat hatukurithi picha hizo. Ndiyo maana swali linarudi kwa kila anayetaka kuingia katika ulimwengu huu, awe msomaji mpya, mwandishi anayetafuta mandhari ya hadithi, au msafiri mwenye siku moja ya mapumziko Uingereza: nianze na mji upi?

Nimechukua minne. Brighton, Weymouth na Lyme ipo hadi leo kwenye pwani ya kusini ya Uingereza. Sanditon aliubuni Jane Austen, mwandishi wa riwaya Mwingereza, katika kazi yake ya mwisho, lakini miji ya aina yake ilikuwa mingi. Ramsgate na Margate nimeigusa tu njiani. Tahadhari moja kabla ya kuendelea: siwezi kulinganisha bila kugusa matukio ya riwaya, basi asiyetaka kuyajua mapema aende moja kwa moja sehemu ya mwisho.

Vipimo

Nimeipima miji yote kwa mambo manne: watu waliokwenda huko na sababu zao, kuoga kwenyewe kulikuwaje, Austen aliutumiaje mji katika hadithi, na mtu wa leo anapata nini, kwa kusoma au kwa kufika.

La tatu nalipa uzito zaidi, na sababu yake ni hii. Binti wa tabaka la wenye ardhi alilelewa chini ya macho mengi: mama, shangazi, majirani, kasisi, watumishi. Kijana aliyemsogelea alijulikana baba yake ni nani na kipato chake ni kiasi gani kwa mwaka. Pwani ilikuwa kinyume cha hayo. Watu walikaa kwenye nyumba za kupanga kwa majuma machache, wakakutana ufukweni, kwenye kumbi za dansi na kwenye maktaba za kuazimisha vitabu, na historia ya mgeni ilikuwa ile aliyoisimulia mwenyewe. Ulinzi ulilegea. Kila mmoja wa miji hii uliulegeza kwa namna yake, na kwangu tofauti hiyo ndiyo inayoamua upi ukufae.

Kwanza, kwa nini bahari

Kwa muda mrefu Waingereza wenye uwezo walikwenda kujitibu Bath na kwenye miji mingine ya chemchemi. Mwaka 1750 Dakta Richard Russell wa Lewes alichapisha kwa Kilatini kitabu kuhusu maji ya bahari na maradhi ya tezi. Baadaye akahamia Brighton, wakati huo mji mdogo wa wavuvi uliokuwa umefifia, akawaagiza wagonjwa wake waoge baharini na wanywe maji yake. Scarborough, upande wa kaskazini, watu walikuwa wameshaanza kuoga tangu miaka ya 1730.

Kisha vikaja vita na Ufaransa, vilivyoanza 1793 na kuendelea, kwa mapumziko mafupi, hadi 1815. Safari za starehe kwenda Ulaya bara zikawa ngumu, na fedha zilizokuwa zikitumika huko zikaelekea kwenye pwani ya nyumbani. Vita hivyohivyo viliijaza pwani ya kusini kambi za wanamgambo, yaani vijana wenye sare, wasio na kazi ya kutosha na walio mbali na kwao. Mwanamfalme George alipokaimu ufalme kuanzia 1811 hadi 1820, miaka ambayo riwaya zote za Austen zilichapishwa isipokuwa ile aliyoiacha katikati, desturi ya kwenda pwani ilikuwa imekwisha komaa na kuwa biashara kubwa.

Nani alikwenda huko

Brighton ulikuwa mji wa mtoto, Weymouth ulikuwa mji wa baba. Ukilishika hilo, nusu ya tofauti umeshaielewa.

Mwanamfalme George alifika Brighton kwa mara ya kwanza 1783, akiwa na miaka 21, akapapenda. Mwaka 1787 msanifu Henry Holland alimjengea nyumba karibu na ufuko, na kati ya 1815 na 1822 John Nash akaigeuza kuwa kasri la kuba na minara, lenye sura ya Kihindi nje na ya Kichina ndani. Maria Fitzherbert, mjane Mkatoliki ambaye mwanamfalme alifunga naye ndoa ya siri 1785 kinyume cha sheria, aliishi humo mjini na kila mtu alimjua. Mfuatano wa watu ulikuwa wa kawaida kabisa: alikokwenda mrithi wa kiti walikwenda mabwana, waliko mabwana walikwenda wacheza kamari, washonaji, wakopeshaji na akina mama wenye mabinti wa kuoza. Sensa ya 1801 iliwakuta watu zaidi ya 7,000 Brighton. Ya 1821 ikawakuta zaidi ya 24,000. Mji uko kilomita zipatazo 85 kutoka London, safari ambayo gari la farasi liliimaliza kwa siku moja bila taabu.

Weymouth alikwenda Mfalme George wa Tatu mwenyewe, kiangazi cha 1789, kujiuguza baada ya ugonjwa ulioitikisa akili yake majira ya baridi yaliyotangulia. Alirudi mara nyingi hadi 1805, pamoja na malkia na mabinti zao, wakikaa Gloucester Lodge, nyumba ya ndugu yake. Hapa sifa ya mji ilikuwa heshima: familia ya kifalme ikitembea ufukweni, ikienda kwenye maonyesho ya tamthilia, ikipanda mashua. Mzazi aliyeogopa kumpeleka binti yake Brighton angemruhusu Weymouth bila wasiwasi. Jambo hilo tuliweke akilini, litatufaa mbele.

Lyme haukuwa na mfalme wala mrithi. Ulikuwa mji mdogo, kodi za nyumba zilikuwa nafuu, na msimu ulipokwisha kumbi zilifungwa na wapangaji wakatawanyika. Austen na familia yake walifika Novemba 1803 na tena kiangazi cha 1804. Katika barua moja aliyoiandika kutoka huko anamtaja fundi wa mji, Anning, aliyeulizwa bei ya kifuniko cha sanduku kilichovunjika. Bintiye fundi huyo, Mary Anning, wakati huo alikuwa mtoto wa miaka mitano. Miaka michache baadaye yeye na kaka yake walichimbua kwenye majabali ya Lyme mifupa ya mnyama mkubwa wa baharini wa kale, na wanasayansi wakageuza macho yao kuelekea mji huo mdogo.

Sanditon, kwenye pwani ya Sussex, wageni wake ni wachache, na uchache huo ndio kiini cha hadithi. Bwana Parker ameacha nyumba nzuri ya mababu iliyokingwa na upepo bondeni akajenga mpya juu ya kilima, akaiita Trafalgar House, na sasa anajuta kwa kuwa Waterloo, vita vya karibuni zaidi, ndilo jina linalovuma. Anazunguka akitafuta wapangaji, tabibu na sifa. Mshirika wake, Lady Denham, ni mjane mara mbili aliyepata mali kwa mume wa kwanza na cheo kwa wa pili, na anaogopa kwamba wageni wakija kwa wingi bei ya nyama itapanda.

Maji yenyewe

Kuoga kulikuwa kazi yenye vifaa na wafanyakazi wake. Palikuwa na kigari cha kuogea, chumba kidogo cha mbao juu ya magurudumu. Mwogaji aliingia akiwa na nguo zake, akabadili ndani huku farasi akikikokota hadi majini, kisha akafungua mlango wa upande wa bahari na kushuka ngazi. Karibu na 1750 Benjamin Beale wa Margate aliongeza pazia la turubai lililoteremshwa hadi usawa wa maji, ili aliyemo asionekane. Wanawake walivaa kanzu za flana. Wanaume mara nyingi waliingia uchi, mbali na upande wa wanawake. Majini alisubiri mwogeshaji, mwanamke wa mji mwenye mikono ya nguvu, ambaye alimshika mteja na kumzamisha. Kuogelea halikuwa jambo la lazima. Dawa ilikuwa ule mshtuko wa baridi, na msomaji aliyekulia Lamu au Kilwa akumbuke kwamba hata Agosti maji ya huko si ya vuguvugu. Madaktari wengi walisifu kuoga alfajiri, na wapo walioona majira ya baridi yanafaa zaidi kuliko kiangazi.

Kwa kipimo hiki Brighton una kumbukumbu nyingi. Martha Gunn, mwogeshaji aliyezaliwa 1726 na kufariki 1815, alikuwa mashuhuri mjini kuliko wengi wa mabibi aliowazamisha. Kwa wanaume alikuwapo John Miles, aliyeitwa Smoaker, aliyemhudumia mwanamfalme mwenyewe. Mwandishi Fanny Burney alishuka baharini hapo Novemba 1782, baada ya kuamka saa kumi na mbili ya asubuhi, mwezi ukiwa bado unafifia angani, na katika shajara yake akaandika kwamba maji yalikuwa baridi lakini yalipendeza. Na kwa wasioiweza baridi, Sake Dean Mahomed, mzaliwa wa Patna nchini India, aliendesha Brighton nyumba ya mvuke na kukandwa mwili, hata akapewa kazi ya kuwahudumia wafalme George wa Nne na William wa Nne. Mwandishi wa hadithi akitaka mhusika kutoka ng'ambo ya Bahari ya Hindi ndani ya Brighton ya wakati huo, hana haja ya kubuni uwezekano, historia imeshauweka.

Weymouth una ghuba tulivu yenye mchanga, na una tukio moja lisilosahaulika. Mfalme alipozamisha kichwa chake kwa mara ya kwanza 1789, bendi iliyojificha ndani ya kigari cha jirani ilipiga wimbo wa kumwombea Mungu amlinde. Burney, aliyekuwa mtumishi wa malkia wakati huo, ndiye aliyeliandika hilo, na ameeleza pia waogeshaji waliovaa maneno ya wimbo huo kwenye kofia na viunoni. Kuoga hapa ni ibada ya utiifu kwa kiti.

Lyme unatupa kitu ambacho miji mingine haina: Austen mwenyewe ndani ya maji. Septemba 1804 alimwandikia dada yake Cassandra kwamba asubuhi hiyo maji yalikuwa matamu sana, na mwanamke aitwaye Molly akamhimiza mno afurahie, hata akakaa kupita kiasi na kutoka amechoka. Barua hiyohiyo inatania habari ambazo Cassandra alikuwa ametuma kutoka Weymouth, kwamba mji mzima haukuwa na barafu, na Austen anahukumu kwamba mji huo haufai kitu. Napenda furaha hiyo ya mwili iliyoandikwa haraka, bila kujali tabibu alisema nini. Katika riwaya zake hakumpa mhusika mkuu hata mmoja nafasi ya kuonekana akioga. Mary Musgrove wa riwaya ya Persuasion anaoga Lyme, mwezi wa Novemba, na tunaambiwa kwa maneno mawili matatu tu.

Sanditon ndiko Austen alikokaribia zaidi kutuonyesha kigari kikiingia majini. Msichana tajiri aitwaye Miss Lambe anatarajiwa kuzamishwa kwa mara ya kwanza, anaogopa, na Diana, dada wa Bwana Parker, ameahidi kwenda naye, hata kuingia naye kigarini akitaka. Hatuoni kuzama kwenyewe.

Riwaya inaufanyia nini mji

Brighton. Katika Pride and Prejudice, iliyotoka 1813, Lydia Bennet mwenye miaka 16 anaalikwa na mke kijana wa kanali kufuatana na kikosi cha wanamgambo kilichohamia kambini huko. Mama yake naye angetaka sana kwenda, akiamini kuoga kidogo baharini kungemponya milele. Dada yake Elizabeth anamwonya baba. Baba anaona heri utulivu wa nyumba. Yanayofuata tunayapata kwa barua: Lydia ametoroka na Wickham. Msimulizi hatupeleki Brighton hata mara moja. Hatuoni ufuko, hatuoni kambi. Mji unafanya kazi kwa mbali, na mshtuko unamfikia Elizabeth akiwa Derbyshire, siku ambayo moyo wake umeanza kutulia. Wickham alishajaribu mbinu hiyohiyo Ramsgate, mji mwingine wa pwani, kwa Georgiana Darcy akiwa na miaka 15. Ulinzi hapa unalegea kwa sababu ya wingi: watu ni wengi mno, kila mtu anadhani mwingine anaangalia. Austen hakumpenda bwana mkubwa wa mji huo, na katika barua ya 1813 aliandika waziwazi kwamba anamchukia. Hata hivyo, mwaka 1815 ilibidi riwaya yake Emma itoke ikiwa na tabaruku kwake.

Weymouth. Humo katika Emma mji huu pia hauonyeshwi, lakini kwa ustadi wa aina nyingine. Jane Fairfax, yatima mwenye adabu kamili, amekuwa huko na familia iliyomlea. Frank Churchill naye alikuwapo. Wanaporudi kijijini Highbury wanajifanya wanajuana kidogo tu. Emma, mhusika mkuu, anapomuuliza Frank walijuana kiasi gani, anakwepa mpaka asikie kwanza Jane mwenyewe amesemaje, akisema ni haki ya mwanamke kuamua hilo. Kuna hadithi ya matembezi ya mashua ambapo Jane nusura aanguke majini na Bwana Dixon, mchumba wa rafiki yake, akamdaka, na Emma anaishikilia hadithi hiyo kujenga dhana potofu. Ukweli, kwamba Jane na Frank walichumbiana kwa siri Weymouth, unafichuka karibu na mwisho. Hapa ndipo ile sifa ya heshima inapofanya kazi. Hakuna aliyeshuku Weymouth. Mji wa mfalme mcha Mungu ulikuwa kifuniko kizuri kuliko Brighton yoyote. Mansfield Park nayo, ya 1814, inautumia mji huo kwa siku kumi tu: Tom Bertram anaokota urafiki na Bwana Yates, na urafiki huo unaingiza ndani ya nyumba ya baba yake mchezo wa kuigiza uliovuruga kila kitu.

Lyme. Hapa kalamu ya Austen inabadilika, na nakiri moyo wangu uko upande huu. Persuasion, iliyotoka Desemba 1817 miezi mitano baada ya kifo chake, inatupeleka Lyme wenyewe, tukatembea. Ni Novemba. Vigari vya kuogea havipo, kumbi zimefungwa, wageni wameondoka. Austen, ambaye huwa mchoyo wa mandhari, anatua na kusifu ghuba, majabali ya Charmouth na mabonde ya kijani ya Pinny kwa mapenzi yasiyofichika. Anne Elliot ana miaka 27. Miaka ipatayo minane iliyopita alishawishiwa avunje uchumba wake na Frederick Wentworth, afisa wa jeshi la majini asiye na mali; sasa Wentworth amerudi tajiri, bado ana kinyongo, na anaonekana kuvutiwa na binti mwingine, Louisa Musgrove.

Upepo wa bahari unamrudishia Anne rangi usoni. Bwana mmoja asiyemjua anampisha kwenye ngazi za kutoka ufukweni na kumtazama kwa kustaajabu, na Wentworth analiona jicho hilo. Kisha wanakwenda kwenye Cobb, ukuta mkubwa wa mawe unaoikinga bandari. Louisa anapenda kurushwa kutoka kwenye ngazi na kudakwa na Wentworth. Ameshuka salama mara moja, anapanda tena, anakatazwa, anashikilia, na anaruka kabla ya mikono kuwa tayari. Anaanguka kwenye mawe na kuzimia. Wanaume wanaduwaa, dada yake anazirai, na mtu pekee anayejua la kufanya ni Anne: aitwe tabibu, aende Benwick, afisa wa majini, kwa kuwa ndiye anayeujua mji, majeruhi abebwe taratibu. Ndani ya dakika hizo Wentworth anapimiwa wanawake wawili mbele ya macho yake, na ukaidi aliokuwa akiuita uthabiti unapoteza mng'aro wake.

Ulinzi ulilegea hapa kwa sababu msimu umekwisha. Hakuna umati wa kuigizia. Maafisa wa majini, Harville na Benwick, wanaishi kwenye nyumba ndogo karibu na bandari, wanawakaribisha wageni kwa moyo wote, na vyeo vya nchi kavu havina uzito mezani pao. Watu wanaonekana walivyo.

Sanditon. Austen aliianza 27 Januari 1817 akiwa mgonjwa, akaiweka kando 18 Machi, akafariki Julai 18 akiwa na miaka 41. Zipo sura 11 na mwanzo wa ya 12. Ndiyo hadithi yake pekee ambayo mji wa pwani ndio uwanja mkuu, na inashangaza kwa upya wake: mwanamke anayekufa anaandika kuhusu watu wazima wa afya wanaojiuguza kwa furaha. Diana Parker na ndugu zake wanahesabu maradhi yao. Mmoja ameng'olewa meno matatu kwa nadharia tu. Arthur, kijana mnene, anajipikia kakao na kujipaka siagi kwenye mkate kwa siri. Bwana Parker anaamini hewa ya bahari na maji yake yanatibu karibu kila kitu. Viatu vya buluu vinavyoonekana kwenye dirisha la fundi viatu ni kwake ushahidi kwamba maendeleo yamefika.

Halafu yupo Miss Lambe, binti wa miaka kama 17 kutoka visiwa vya Karibi, ambaye Austen anamwita nusu chotara. Ndiye mhusika pekee katika hadithi zake anayetajwa wazi kuwa na asili ya Kiafrika. Ana mtumishi wake, amewekewa chumba bora kuliko vyote, na mji mzima unamsubiri kwa sababu ya mali yake. Lady Denham anamwona na mara anawaza maziwa ya punda wake, aliyoyatafutia mnunuzi mgonjwa. Bunge la Uingereza lilipiga marufuku biashara ya watumwa 1807, lakini utumwa wenyewe ulikuwa bado halali kwenye visiwa vile 1817, na utajiri mkubwa wa huko ulitoka kwenye mashamba ya miwa. Austen hakuandika fedha za msichana huyu zilitoka wapi. Alimweka tu katikati ya mji ambapo kila kitu kina bei, akamfanya awe mgeni mwenye thamani kuliko wote na mwenye maneno machache kuliko wote. Msomaji Mwafrika atakaa hapo muda mrefu, na nadhani anapaswa kukaa. Ulinzi Sanditon haukulegea kwa bahati, umeuzwa.

Kilichobaki leo

Brighton ndio rahisi kufika: treni kutoka London huchukua kama saa moja, kasri la mwanamfalme ni makumbusho, na kaburi la Martha Gunn liko kwenye uwanja wa kanisa la Mtakatifu Nicholas. Mji wenyewe umekuwa mkubwa na wa kelele. Zama zile utazikuta ndani ya kasri na kwenye safu za nyumba nyeupe zinazotazama bahari.

Weymouth bado una safu ya nyumba za kale mbele ya ghuba, na sanamu ya mfalme iliyosimamishwa kuadhimisha miaka 50 ya utawala wake imepakwa rangi angavu. Juu ya kilima cha Osmington, jirani, umechongwa kwenye chokaa umbo kubwa la mfalme huyo juu ya farasi. Treni inafika, ingawa kutoka London ni safari ya karibu saa tatu.

Lyme hauna treni. Unashuka Axminster na kupanda basi. Usumbufu huo umeulinda mji. Cobb ipo, unatembea juu yake, ingawa mawe ni mteremko na yanateleza, hasa bahari ikichafuka. Makumbusho ya mji yamejengwa mahali ilipokuwa nyumba ya akina Anning, na tangu 2022 sanamu ya Mary imesimama karibu na ufuko.

Sanditon huwezi kupanda basi kwenda. Austen alikaa Worthing, magharibi mwa Brighton, mwaka 1805, na wengi wanaamini mji huo ulimpa mbegu. Hati yenyewe iko King's College, Cambridge, na picha zake zinasomeka mtandaoni pamoja na makato na marekebisho yake yote. Tamthilia ya televisheni iliyoanza 2019 imewafikia wengi. Ifurahie, ukijua kwamba yaliyoandikwa na Austen yanaisha mapema sana ndani yake.

Inamfaa nani

Kama hujawahi kusoma Austen hata ukurasa, anza na Brighton kupitia Pride and Prejudice. Hadithi ina mwendo, mazungumzo yanachekesha, na hatari ya pwani utaihisi bila kuhitaji maelezo ya historia. Usitegemee tu kuiona bahari.

Kama unaandika hadithi ya siri au ya upelelezi, soma Emma ukiwa na Weymouth akilini, kisha uisome tena ukiwa umeshajua mwisho. Kila sentensi ya Frank Churchill kuhusu mji huo itakufundisha namna ya kuficha jambo mbele ya macho ya msomaji.

Kama umeshaishi kidogo, umepoteza mtu kwa uamuzi ulioshauriwa na wengine, usichelewe: Lyme. Persuasion ni fupi kuliko Emma, na sura za Lyme unaweza kuzisoma kwa jioni moja.

Kama muda wako ni mdogo, au unavutiwa na ukoloni, biashara ya afya na namna mji unavyotangazwa kabla haujawa mji, chukua Sanditon. Ni hiyohiyo ningemshauri mwalimu anayetaka kuigiza na wanafunzi: maneno ya Lady Denham na ya ndugu watatu wa Parker yanakaa vizuri jukwaani, ilhali tukio kubwa la Lyme ni gumu kulionyesha na lile la Brighton hakuna onyesho lake. Asiyevumilia hadithi isiyo na mwisho aiache kwa sasa.

Kama unachotaka ni kuoga kwenyewe, kigari, baridi na mwogeshaji, riwaya zote nne zitakunyima. Tafuta shajara za Fanny Burney kwa ajili ya Brighton na Weymouth, na barua ya Austen ya Septemba 1804 kwa ajili ya Lyme. Kwa hadithi unayoiandika wewe, hapo ndipo utakapopata vifaa.

Msafiri mwenye siku moja aende Brighton, aanze na kasri na amalizie ufukweni. Mwenye siku mbili au tatu na gari aiunganishe Lyme na Weymouth, kwani zote ziko Dorset na umbali kati yake haufiki kilomita 50. Na kama ratiba inaruhusu, aende Lyme Novemba badala ya Agosti, akiwa na koti zito na viatu visivyoteleza.